Vumbi la Njia ya Sungura

Wenzangu mliokulia Sibwesa, rede mnaikumbuka? Watoto wa siku hizi ukiwahadithia wanakupigia miayo, macho yako kwenye simu. Wawili wanasimama huku na huku wakirusha mpira wa soksi iliyojazwa matambara, na mmoja yuko katikati anajaza chupa mchanga huku anakwepa. Ukiguswa, umetoka. Mpira ule ukishalowa ulikuwa unauma, weee! Ukikupata mgongoni unausikia mpaka kwenye meno.

Pale katikati, mdogo wangu Deo hakuwa na mpinzani. Mwembamba, masikio makubwa, miguu imepauka kwa vumbi. Alikuwa anajikunja, anaruka, analala chini, chupa haimtoki mkononi. Sisi wakubwa zake tulirusha mpaka mabega yakauma. Mama akimwita jioni aje kula, anajibu kwa sauti, "Bado kidogo Mama, chupa inajaa!"

Na tulikuwa na dawa yetu ya mbio. Pembeni ya shamba la karanga palikuwa na kinjia walichopita sungura. Kabla ya mchezo tulichota vumbi la hapo tukajipaka miguuni, toka magotini mpaka kwenye vidole. Deo ndiye aliyejipaka kuliko wote. Mama akituona alicheka mpaka akashika kiuno. "Nguvu ziko kwenye sufuria, nyie watoto," anasema, kisha anatupakulia ugali na kisamvu cha karanga. Tulinawa miguu ndipo tukala, na dawa yote ikaishia kwenye beseni.

Alipokua alihamia kwangu hapa Mpanda, akaingia kwenye mpira wa miguu, winga ya kulia. Timu ikamsajili, akawa anaishi kwa mpira. Ndoto yake ilikuwa timu kubwa ya Dar. Tatizo mabeki walikuwa wameshiba kuliko yeye, wakimgonga anaruka nje ya uwanja kama gunzi. Msimu mmoja alikaa benchi karibu wote, na hilo lilimla moyo.

Ndipo jamaa mmoja wa pale kwenye timu akamletea kichupa na sindano. Deo hata hakunificha. "Dada, hii wanachomwa ng'ombe madume wanaonenepeshwa kwa ajili ya mnada. Dume zima lile halifi, sembuse mimi?"

Nikamwambia, "Deo, dume linachomwa ili likachinjwe."

Akacheka. Kifua kilikuwa kimeshaanza kujaa, shati linambana, na alikuwa anajitazama kwenye kioo changu kuliko hata mimi mwenyewe. Msimu uliofuata aliwakimbiza mabeki mpaka uwanja mzima ukasimama. Nami nilishangilia, kwa nini nisishangilie, ni mdogo wangu yule. Ila nyumbani alikuwa mkali, chunusi mgongo mzima, akilala anahema kama bado anacheza.

Akaanguka mazoezini, mchana, bila kuguswa na mtu. Daktari alituambia moyo umetanuka na figo zimechoka, na akauliza amekuwa akitumia nini. Deo akageukia ukutani. Nilijibu mimi.

Wenzake walikuja mwanzoni na juisi. Sasa wanapita na bodaboda, wanapiga honi, basi. Hao hao, kabla hawajafunga hata kamba za viatu, wameshabugia vidonge wasivyovijua, na ukiwasemesha wanakwambia, "Dada, umepitwa na wakati." Sawa, nimepitwa. Mimi ndiye ninayemwinua mwenzao kitandani.

Kutoka kitandani mpaka mlangoni nimemwekea kiti katikati, apumzike. Wiki iliyopita, nikijiandaa kwenda Sibwesa kuvuna karanga, akaniita. "Dada, niletee lile vumbi la sungura." Nilidhani ananitania. Nilipomtazama, hakuwa anacheka.

Nilikitafuta kile kinjia. Hakipo, pamelimwa pote kwa trekta, na Mama naye hayupo wa kunicheka. Nikachota vumbi palepale tulipochezea rede, nikalifunga kwenye kona ya khanga.

Leo jioni nimempaka. Miguu imevimba, kila nilipopitisha kidole alama inabaki imebonyea.

"Ni la sungura kweli?"

"La sungura, mdogo wangu."

"Basi kesho nitafika mlangoni bila kukaa."

Nikaleta maji na beseni, kama enzi zile, anawe ndipo ale. Akavuta miguu akaificha chini ya shuka, akasema nimwachie vumbi lake mpaka asubuhi. Uji umepoa pale mezani. Amelala nalo.