Majina Niliyoyafuta kwa Kijicho

Rafiki yangu ni fundi saa. Kiduka chake kiko uchochoro wa nyuma ya nyumba yetu, hapa Kibokoni, na ni kidogo hata mteja husimama nje akaipitisha saa yake dirishani. Tulianza chuo cha Kurani pamoja, tukaanza shule pamoja, kisha yeye akaishia darasa la saba akaenda kwa ami yake kufunzwa kazi. Mimi niliendelea mpaka kidato cha nne, nikaajiriwa katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na huko nikazeeka nikiwa karani. Nayasema haya mapema kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikijiambia kila nilipomwona: mimi nimesoma, yeye hakusoma.

Nilikuwa na heshima nyingine ambayo yeye hakuwa nayo. Mtaani kwetu, Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani, husomwa hitima ya maiti wa mtaa wote. Baada ya dua hutajwa majina yao, mmoja mmoja, fulani bin fulani, fulani binti fulani. Orodha hiyo aliiweka marehemu baba yangu katika daftari, kwa hati za Kiarabu. Daftari lilipoanza kuliwa na unyevu niliyahamisha majina yote kwenye kompyuta yangu, nikaongeza mengine niliyopewa na wazee waliokuwa wangali hai; daftari lenyewe likaoza likaisha. Kila mwaka nilichapisha karatasi mpya, nikaketi kando ya imamu, nikasoma. Hitima ikiisha niliichoma karatasi hiyo, maana majina mengi yana jina la Mola ndani yake na si adabu kuyaacha yakazagaa. Watu walinisifu kwa adabu hiyo. Hakuna aliyefikiria kwamba baada ya moto ule majina hayakuwa na makao mengine ila mashine yangu.

Katika orodha hiyo alikuwamo bibi mmoja aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi mlangoni pake. Hakuzaa, wala hakuwa na ndugu huku. Alipougua aliniita akanitajia jina la babake. "Nitie na mimi, mwanangu," aliniambia. "Sina wa kunitaja." Nikamtia.

Sasa nije kwenye kijicho chenyewe.

Alasiri moja nilifika barazani tunapokunywa kahawa, nikakuta watu wamemzunguka fundi saa. Alikuwa na kompyuta ya kupakata magotini, kuukuu, kona moja imefungwa kwa utepe mweusi. Aliigusa, ikawaka kabla muuza kahawa hajamaliza kujaza kikombe.

"Hii niliikuta Makupa, kwa wale wauza vyuma," alikuwa akisema. "Mwenyewe aliniambia imekufa. Nikamwambia, hata saa huletwa kwangu zimekufa."

Wakacheka.

"Umeitia nini hata yaruka hivi?" aliuliza muuza kahawa.

"Linux. Ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, wa bure. Watu wameutengeneza, wakauachia ulimwengu kama kisima cha wakfu. Ateka atakaye, na ajuaye kuchimba aongeza."

Nilitamani maneno hayo yangekuwa yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiulizwa mambo ya kompyuta pale barazani. Mimi ndiye niliyewaandikia watu barua na kuwajazia fomu. Leo wanamsikiliza mtu wa darasa la saba, nami nimesimama, hakuna hata aliyesogea kunipisha nikae.

"Karani, mbona umenyamaza?" alinichokoza muuza kahawa. "Yako bado yachemka kama birika langu?"

"Huo mfumo naujua tangu ofisini," nikasema. Ulikuwa uongo.

"Basi vyema," alisema fundi. "Niletee yako niitie. Lakini kwanza tutaijaribu kwa flashi, bila kugusa kitu ndani. Mimi yangu niliisikiliza wiki mbili kabla sijaifungua."

"Sina haja ya kufunzwa kompyuta na fundi saa."

Yeye aliufunika mfuniko wa mashine yake taratibu. "Haya, bwana mkubwa," akasema.

Kesho yake nilikwenda duka la fotokopi, mwenye duka akanitilia mfumo kwenye flashi yangu. Nikarudi nyumbani, nikafunga mlango, nikaichomeka. Kazi ilikwenda vizuri hata nikaanza kucheka peke yangu. Kisha mashine ikaniuliza kwa Kiingereza: mfumo mpya ukae kando ya ule wa zamani, au ifute diski yote?

Sikukosea kusoma. Kiingereza nilikielewa, na hilo ndilo lililoniponza. Ofisini tulifunzwa kwamba diski hugawanywa vyumba viwili: mfumo hukaa C, makaratasi yako yaweke D, na C ikifa, D hubaki salama. Majina yangu yalikuwa D. Nikadhani diski inayoulizwa ni C peke yake. Nikachagua kufuta. Nilikuwa navunja nyumba nzima huku nikiamini nabomoa chumba kimoja.

Siku hiyo sikujua. Mashine iliwaka upesi, safi, nami nikaibeba habari mpaka barazani. "Nimeitia mwenyewe," nikasema, "wala sikusikiliza wiki mbili." Watu wakanipongeza. Fundi naye akanipongeza, na hilo likanipunguzia utamu.

Siku chache baadaye jirani yetu alifariki. Binti yake akaja kwangu na buibui la mamake la kukalia eda mkononi, akilipeleka kwa mshoni.

"Shikamoo, babu. Mama asema usisahau kumtia baba kwenye hitima."

"Marahaba, mwanangu. Namtia sasa hivi."

Nikaketi kufungua orodha. D haikuwapo. Nikatafuta kila mahali, binti wa watu amesimama mlangoni.

"Umemtia, babu?"

"Nimemtia."

Nikaandika jina la babake nyuma ya bahasha.

Hapo ndipo ningekwenda kwa fundi. Ni hatua chache tu. Sikwenda. Niliona uso wake, niliisikia baraza, nikasema afadhali nife. Kibaya zaidi, sikuiacha mashine ipumzike. Yeye akija barazani na jambo moja jipya, mimi hupakua mawili. Akionyesha programu ya nyakati za sala, mimi natia yenye picha ya mnara na sauti ya adhana. Akipata ramani, mimi napata za dunia nzima. Nilishindana naye, na sijui kama yeye alikuwa akishindana.

Miezi miwili ikapita hivyo. Mwezi wa Mlisho, unaotangulia Ramadhani, ulipoingia, imamu alinishika mkono baada ya sala. "Orodha yetu iko tayari, shekhe?"

"Iko," nikasema, miguu ikanipeleka moja kwa moja kiduka cha nyuma.

Fundi alikuwa na lenzi jichoni, na vipande vya saa amevipanga juu ya kitambaa cheupe kimoja kimoja kama alivyovitoa.

"Nimeyafuta majina," nikamwambia dirishani.

Hakucheka. "Lini?"

"Siku ile nilipojisifu."

"Na tangu hapo waitumia?"

"Kila siku."

Aliitoa lenzi. "Kitu kilichofutwa hakiondoki papo hapo. Hukaa pale pale mpaka kingine kiandikwe juu yake. Ungenijia siku ile, ningekutolea karibu yote. Mbona hukuja?"

"Nilikuonea gere."

"Hilo nalijua," akasema. "Mtaa mzima wajua. Leta mashine."

Aliiwasha kwa flashi yake, hakugusa diski, akatumia programu nyingine ya bure kuchimbua. Ilimchukua siku tatu. Yakatoka vipande: jina bila la baba, jina la baba bila la mwana, na katikati yao picha zilizokatwa nusu. Juu ya mengine yote yalikuwa yamekaa mashindano yangu.

"Yaliyobaki tutayaokota milangoni," alisema. "Mimi nitaandika. Kusema, utasema weye."

Basi tukapita nyumba kwa nyumba, wazee wawili, yeye na mashine yake chini ya kwapa. Kila mlango nilisema kosa langu kwa kinywa changu. Wengine walinihurumia. Bibi mmoja, aliyepata kunibeba mgongoni, alinitazama sana.

"Umewazika mara ya pili, eti?"

"Ndiyo, bibi."

"Haya, ketini muandike. Usisimame hapo, wanizibia mwangaza."

Ijumaa ya hitima imamu alimpa fundi asome, kwa kuwa orodha ilikuwa kwake. Mimi nilikaa mlangoni, karibu na viatu. Ningependa kuandika kwamba moyo wangu ulikuwa mweupe. Haukuwa. Nilisikiliza sauti yake isiyo na mvuto, akisoma kama mtu anayehesabu parafujo, nikasema moyoni mimi ningesoma vizuri zaidi. Lakini hakuruka jina. Wazazi wangu aliwataja polepole kuliko wote.

Alipofika mwisho aliinua uso akanitafuta. "Kuna tuliyemsahau?"

Nikamkumbuka bibi wa mahamri. Tulikuwa tumepita mlango wake; sasa ni duka la vinyago, na hakukuwa na wa kumuuliza. Nilisimama, nikalitaja jina lake, nikasema "binti", nikaishia hapo. Jina la babake alinipa mimi peke yangu. Watu wakasubiri. Nililitafuta usoni mwa kila mmoja, kana kwamba liko kwao.

"Binti?" aliuliza fundi kwa upole.

"Silijui tena."

Akaandika alivyosikia, na nafasi baada yake akaiacha wazi. Mwaka uliofuata aliisoma hivyo hivyo: jina, "binti", kimya kifupi, kisha akaendelea. Bado anasoma yeye, nami bado nakaa karibu na viatu, na kila mwaka, jina lake linapokaribia, najaribu kulikumbuka la babake kabla fundi hajafika.