Mbwa Mzee na Kwale wa Kwenye Ngolo

Mwaka huu kwale wamefukua maharage yangu mara mbili. Napanda, wanakula. Napanda tena, wanakula tena, na magoti yangu ndiyo haya. Nikamwita shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu, aje na gobore lake.

Alikuja na mbwa mpya kutoka Tingi, miguu mirefu, ulimi nje. Akamwona mbwa wangu mzee kalala jikoni, akacheka.

"Shemeji, huyu ni wa kuzikwa. Asipoinua kwale wakaruka leo, namalizia risasi kwake. Unamlisha bure."

Tangu nibaki peke yangu, ugali wangu nakula na yule mbwa. Nilimwamsha, tukapanda mlima, tunahema wote wawili.

Sisi Wamatengo tunalima ngolo: mlima mzima ni mashimo, mbegu zinakaa juu ya matuta yanayoyazunguka. Wanaume wanalaza majani yanayofukiwa ndani ya matuta, kuchimba ni kazi ya wanawake. Mashimo yale nimeyachimba mimi, na mbwa wangu kakua akinifuata juu ya matuta.

Yule wa Tingi hajui ngolo. Alisikia kwale, akakata moja kwa moja. Puu! ndani ya shimo lenye maji ya mvua. Akatoka, puu! jingine. Kwale wanamkimbia kwa miguu tu, hata kuruka hawaoni haja.

Wangu alipita tutani taratibu, kama bibi anayekwenda kupokea komunyo. Akasimama. Mkia ukanyooka.

"Hapo," nikasema.

"Hapo pana nini? Kachoka huyo."

"Funga mdomo, inua gobore."

Mbwa wangu akasogea hatua moja, kwale wawili wakapaa. Gobore likalia, mmoja akaangukia shimoni. Mbwa wangu akashuka, akamdaka. Kupanda kukamshinda. Miguu ya nyuma ilikataa kabisa.

Shemeji akamtazama, akatazama gobore.

"Shemeji..."

"Kwale kainua," nikamkata. "Neno ulisema mwenyewe."

Nikashuka shimoni, nikamfunga mbwa mgongoni kwa kanga kama nilivyobeba wanangu saba. Mzito kuliko wote. Shemeji alifuata nyuma na kwale mkononi, na mbwa wake ametapakaa tope. Hakucheka tena.

Nyama nzuri nilimpa mbwa, shemeji akapata mchuzi.

Yule kwale aliyebaki bado analia kule juu. Na alie. Sisi wazee wawili hatumfuati tena.