Jina la Mtu Mwingine Mkononi

Siku hizi mtu huenda kliniki ya ngozi kufutwa tatuu, akavaa miwani ya giza, mwanga mkali ukapiga wino ulio chini ya ngozi mpaka ukasagika, kisha mwili wenyewe ukautoa taratibu. Anarudi tena na tena kwa miezi. Miaka ile ya chama kimoja, pale Eldoret, sisi tulikuwa na jiwe la kusugulia miguu.

Tatuu yangu nilichorwa mtaani Langas na jirani yangu, fundi wa viatu, kwa sindano tatu zilizofungwa pamoja na masizi ya koroboi. Nilikuwa nimemaliza masomo ya ngumbaru juzi tu, na niliandika kila mahali: ukutani, kwenye vumbi la malori, mwishowe kwenye mkono wangu wa kulia. Niliandikisha jina la msichana niliyempenda. Aliolewa Timboroa kabla kigaga hakijabanduka.

Baadaye nikapata mchumba, mwalimu wa nasari, kwao Cheptiret. Baba yake akataka kuniona mbele ya wazee, Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

"Mimi nimeizoea," mwalimu aliniambia. "Baba hajaizoea. Na pale kwetu lazima utanawa."

Hapo ndipo palikuwa na kazi. Shati la mikono mirefu ningevaa, lakini kwao mgeni hali kabla ya kumwagiwa maji mikononi, na hakuna anayenawa bila kukunja shati. Kukataa chakula nako ni kukataa nyumba.

Nilisugua kwa chumvi na jiwe siku tisa. Siku ya kumi nikapaka maji ya betri. Ngozi ilitoka, nakadiria debe moja na nusu. Herufi zilibaki, tena zikang'aa kama zimepigwa rangi upya. Mkono ulivimba nikawa naubeba mjini kama mtoto wa mtu mwingine.

Daktari wa zahanati aliutazama bila haraka.

"Unakwangua paa, bwana, na mwenye nyumba amelala chini kitandani. Wino uko ndani."

"Sasa nifanye nini?"

"Ng'ambo kuna mashine ya mwanga, nimesoma. Inapasua wino. Lakini ngozi nyeusi inaweza kuachiwa baka jeupe, ama kovu."

"Nairobi iko?"

"Sijasikia. Paka hii dawa, usitoboe malengelenge, funika jua lisipige. Na hayo maji ya betri, rudishia gari."

Jumamosi nilifika Cheptiret na bandeji. Mama wa nyumba alipitisha jagi na karai, akanifikia, akasimama.

"Fungua, nitakumwagia polepole."

Nikafungua. Baba mkwe alivaa miwani akasoma herufi moja moja, kama anasoma barua ya chifu.

"Huyu ni nani?"

"Alikuwa rafiki, Mzee. Zamani."

"Uliandika kabla hajakubali, ama baada?"

"Kabla."

Mzee mmoja akacheka hadi akashika ubavu. "Huyu anapiga chapa ng'ombe ambaye bado yuko kwa mwenyewe!"

Baba mkwe hakucheka. "Na nani amekuharibu mkono hivi?"

"Ni mimi, nikijaribu kuitoa."

"Ili nisione?"

"Ndiyo, Mzee."

Alivua miwani. "Jina ningesamehe leo. Kunificha, hapana. Nenda upone, urudi na mkono wazi. Hapo ndio tutaongea."

Nililishwa vizuri, kwa kijiko, na hakuna aliyetaja harusi. Mwalimu alinisindikiza hadi barabarani. Gari lilipokuja, aliniambia tu nisisugue tena.

Sikusugua. Nilirudi Agosti, mvua ya mawe makubwa kama viazi ikianguka, nikiwa na shati la mikono mifupi. Jina lilisomeka, na kovu kando yake. Baba mkwe alinitazama nikitetemeka, akaniambia nivute kiti karibu na moto, kisha akawaambia wazee waanze maongezi ya posa.