Maandishi ya Buluu kwenye Mlango wa Chumba cha Baridi

Shefu wetu alikuwa Mwitaliano wa milimani kaskazini, na lahaja ya kwao hata mhudumu wetu aliyetoka Roma akiisikia alibaki kukodoa macho. Usemi mmoja wa huko kwao aliuandika kwa kalamu ya buluu kwenye mlango wa chumba cha baridi, katika hoteli ya Doha nilikofanya kazi miaka ile ambayo kila ukiinua kichwa unaona kreni za ujenzi.

Kila nilipounguza vitunguu au kumwaga mchuzi, alinivuta mpaka kwenye ule mlango, akanisomesha. Maana yake, alivyonieleza, ni kwamba ukiona mtu hana kosa hata moja, basi hajagusa kazi. Mimi nilikuwa nimetoka juzi tu kwenye sinki la sufuria, na alikuwa ameniahidi kwamba baada ya Idi nitakuwa mpishi kamili. Maneno yale niliyashika kama cheti. Neno la mwisho tu ndilo lililonishinda. Nililitamka Kiluhya kabisa, naye akacheka na kunisahihisha, tena na tena.

Alasiri moja ya Ramadhani akaniambia, "Zima mashine ya chumba cha baridi, barafu iyeyuke. Nitaiwasha mwenyewe." Nikazima, nikaenda kupanga meza za futari. Yeye akasahau. Asubuhi tulipofungua, nyama na samaki wote walikuwa wananuka.

Meneja akatuita ofisini sote wawili.

"Nani aliizima?"

"Ni mimi," nikasema.

Nikaishia hapo. Nilivyolelewa, mkubwa humchongei naye amekaa papo hapo; unamwachia nafasi aseme mwenyewe. Nikamwachia. Shefu alikuwa anaangalia vifungo vya koti lake. Hakunisingizia, hakusema uongo hata mmoja. Hakusema kitu. Nikarudishwa kwenye sufuria siku ileile, na habari ya upishi ikafa.

Jioni, chumbani kwetu mtaa wa Al Mansoura, nilimsimulia mwenzangu, nesi kutoka Kisumu.

"Sasa wewe ulinyamaza aje?"

"Nilikuwa nangoja aseme."

"Ungoje nini na mdomo uko nao? Huyo mzungu amekuruka, amekukana, dadangu!"

Nilimnunia siku mbili nzima kwa sababu alisema kweli. Lakini kilichoniuma hasa si sinki. Nilikuwa nimempenda yule mzee kama baba, na alijua.

Siku chache kabla ya Idi nikapewa sponji nisugue milango yote ya jikoni. Nilipofika kwenye ule wa chumba cha baridi nikasimama, nikausoma usemi upya. Siku zote nilidhani aliuandika ili kunifariji mimi. Kumbe yeye aliusoma upande wa pili: usifanye kitu, usiseme kitu, na hakuna atakayekuandikia kosa.

Akaja kuchukua siagi.

"Huo usiufute," akasema.

Nikamgeukia, nikausema wote kwa lahaja yao, taratibu, nikimtazama usoni. Lile neno la mwisho nikaliharibu kama kawaida yangu, na safari hii kwa makusudi. Nikangoja anisahihishe.

Akachukua siagi yake, akaenda zake.