Vimeng'enya vya Mama

Mama alifundisha sayansi shule ya msingi kwa miaka mingi, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa safari ya chakula tumboni. Alikuwa akija darasani na ugali baridi, akampa kila mmoja wetu donge dogo na kutuamuru tutafune bila kumeza. Tulitafuna mpaka taya zikauma. Kisha ule ugali usio na sukari ukaanza kuwa mtamu mdomoni. "Hiyo ni kazi ya mate," alisema. "Yana vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari. Msidhani mwili unajengwa kwa kumeza tu." Mimi nilikuwa mwanafunzi wake na pia binti yake, kwa hiyo nikikosea niliadhibiwa shuleni na nyumbani.

Miaka mingi baadaye alikuja Minnesota kunisaidia na watoto. Tulikaa mji wa New Hope, ghorofa ya pili, nami nilikuwa nikifanya kazi ya kutunza wazee. Mama alikula vizuri kuliko sisi sote, na bado alikonda. Gauni lake la kanisani likaanza kumning'inia. Siku moja niliona chooni mafuta yakielea juu ya maji, na kwa kazi yangu nilijua maana yake. Chakula kilikuwa kinapita tu, hakimsaidii kitu.

Hospitali ilithibitisha. Kongosho ndilo linalomimina kwenye utumbo mwembamba vimeng'enya vya kuvunja mafuta, protini na wanga, na la mama lilikuwa limeharibika, karibu halitoi chochote. Nyongo ilikuwepo. Iliyatawanya mafuta kuwa matone madogo, lakini hakukuwa na cha kuyavunja yaweze kuingia kwenye damu. Mama yangu alikuwa anakufa njaa na sahani iko mbele yake. Daktari akanieleza haya kwenye korido, mama akiwa amelala.

Dawa ilikuwepo: vidonge vilivyojaa vimeng'enya, ambavyo angevimeza na tonge la kwanza la kila mlo. "Vinatoka kwenye kongosho la nguruwe," daktari akasema. "Sina vingine vya kumpa. Je, mama yako atakuwa na pingamizi?"

Sisi tunasali Jumamosi, na nyama ya nguruwe haiingii nyumbani kwetu. Mama aliwahi kumwazima jirani sufuria, akasikia kwamba imepikiwa nguruwe, akamwambia abaki nayo, ni zawadi. Huyo ndiye aliyekuwa amelala kitandani, mifupa ya mabega imemtoka. Niliogopa. Niliogopa kwamba angechagua kufa akiwa safi, nami nisingeweza kumshinda kwa hoja, kwa maana sijawahi.

"Haina shida," nikamwambia daktari.

Siku ya kwanza nyumbani mama alikishika kidonge kwa vidole viwili, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha kama anayesahihisha daftari. "Hivi vimeng'enya wanavitoa wapi?"

"Ni factory, Mum. Wanavitengeneza tu huko."

Akaridhika, au mimi nilitaka kuamini kwamba ameridhika. Tangu hapo aliviweka kando ya sahani na kuomba. Maombi ya mama si mafupi: aliwapitia ndugu wote waliobaki Kenya, wagonjwa, wajane na serikali, mpaka mboga ikapoa, ndipo akafika kwenye chakula. Mwishoni alimshukuru Mungu kwa vidonge, kwa mikono iliyovitengeneza na kwa binti aliyevitafuta. Nami nikasema amina. Nilisema amina asubuhi, mchana na jioni.

Vilifanya kazi. Mashavu yalirudi, sauti ikarudi, akaanza tena kunigombeza kwa vyombo nilivyoacha kwenye sinki. Wanawake wa kanisani walimsifu Mungu kwa kumwona, nami nilisimama pembeni nikitabasamu. Sikujuta hata kidogo, nikiri hilo.

Halafu tukaenda kumwona mtaalamu wa lishe, mjini Roseville. Alikuwa msichana mchangamfu, akazungumza moja kwa moja na mama kwa Kiingereza, ambacho mama anakijua kuliko mimi. Akampongeza kwa kuongeza uzito. "Wagonjwa wengine huvikataa kwa sababu ni vya nguruwe," akasema. "Nafurahi binti yako alituambia kwamba kwenu haina shida."

Mama akamshukuru kwa adabu. Alivaa koti, kofia na glavu bila haraka, tukaenda garini.

"Mum, hii ni dawa, si chakula," nikaanza hata kabla sijawasha gari. "Hata pastor atakuambia."

"Sijamuuliza pastor." Alikuwa akitazama theluji iliyorundikwa pembeni mwa maegesho. "Ungeniuliza, ningekataa. Ulijua?"

"Nilijua."

"Basi ulilijua jibu langu, ukatoa lako. Halafu mimi namshukuru Mungu, na wewe unasema amina."

Niliendesha gari mpaka nyumbani.

Alikaa siku nne bila vidonge. Alikula kidogo, akashika tumbo, akaenda chooni na kurudi. Nilipika vitu visivyo na mafuta, nikabembeleza, nikapiga magoti. Siku ya nne hasira zikanipanda, nikamwambia maneno ambayo binti hamwambii mama: kwamba kazini nawaaga wazee wa watu wanaokufa kila mara, na yeye sitamzika kwa ajili ya nguruwe. Nililia jikoni kwa aibu na kwa hofu.

Ijumaa ya wiki hiyo, kabla jua halijatua na Sabato kuanza, alikuja mezani. Aliombea chakula peke yake, maneno machache. Baada ya amina alitoa chupa kwenye mfuko wa sweta, akameza vidonge na tonge la kwanza.

"Hivi nimechagua mwenyewe," akasema. "Kwa Mungu nitajieleza mimi. Wewe usinisemee."

Nikasema asante. Nilifurahi mno, nikadhani yamekwisha.

Afya yake ikarudi tena. Gauni la kanisani limembana, ametaka nilitanue kiunoni. Juzi nilipika maharage, nikayaonja, nikaweka pakiti ya chumvi mezani ili aongeze kama anataka. Mama akavaa miwani. Akaichukua pakiti na kuanza kusoma maandishi madogo ya nyuma, kama anavyosoma sasa ya mkate, ya siagi na ya kila kitu ninachomwekea mbele.

"Mum, ni chumvi tu."

"Naona," akasema, akaigeuza upande wa pili, akaendelea kusoma.