Fremu ya Bemanali, Mpiga Pamba

Bemanali alikuwa jirani yangu kwa miaka thelathini na moja. Ukuta wa ua wake ndio ukuta wa ua wangu. Mlango wake ulikuwa mfupi kama milango yote ya mtaa wetu hapa Yazd, na kila asubuhi, nikikaa kwenye kitanda changu cha kufumia vitambaa, nilimwona akitoka kwa kuinama: kwanza upinde, halafu kichwa, halafu mwili uliobaki, ambao ulichukua muda kumalizika. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumpima. Najua tu kwamba kwenye mazishi ungemtambua ukiwa mwisho wa msafara, na kwamba fundi nguo alimwambia alete kitambaa cha watu wawili wafupi.

Kazi yake ilikuwa kupiga pamba. Pamba ya godoro ikishalaliwa mwaka mmoja au miwili hugandamana. Basi mwenye nyumba humwita mpiga pamba, godoro likafumuliwa uani, na pamba ikapigwa kwa uzi wa upinde mpaka ikavimba kama povu, ndipo godoro lishonwe upya. Upinde wa Bemanali ulikuwa na urefu wa mtu wa kawaida. Mjini wapiga pamba walijaa. Kazi nzuri ilikuwa nje, kwenye vijiji vya upande wa Taft, kwa wenye mashamba ya makomamanga, ambao kila binti yao akiolewa hutoka na magodoro sita. Ndiyo sababu mwaka aliooa alinunua baiskeli.

Ilikuwa baiskeli kama za wengine, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Magoti yake yalipanda hadi kwenye usukani. Ili asijigonge aliyafungua nje, kama mtu aliyepanda punda mnene, na upinde akaufunga kwenye bomba la juu, kwa hiyo goti la kulia lilibidi liukwepe kila mzunguko. Wauza duka wa barabara ya msikiti hawakumwacha.

"Bemanali, hiyo umeipanda au umeivaa?"

"Nimeivaa," alijibu bila kusimama. "Inabana kwapani."

Alikuwa na maneno machache na hakukasirika. Lakini mwaka wa sita magoti yalianza kumuuma, na mwaka wa tisa alikuwa akifika kijijini na kukaa kwanza robo saa kwenye kizingiti kabla ya kuweza kuchuchumaa mbele ya pamba. Mganga wa hospitali alimpa dawa ya kupaka, akamwuliza kazi yake. Alipoelezwa habari ya baiskeli alimwambia apandishe kiti.

Alikwisha kukipandisha mpaka mwisho wa alama. Sasa akatafuta kipande cha bomba la maji, kirefu kama mkono, akakichomeka mahali pa chuma cha kiti, na kwa wiki tatu aliendesha akiwa juu kama mlinzi mnarani. Miguu ilinyooka. Lakini mikono nayo ililazimika kushuka chini kuufuata usukani, mgongo ukakunjika, na kiuno kikaanza kuuma badala ya magoti. Wiki ya nne, kwenye kivuko cha mfereji mkavu, bomba lile lilipinda, likapasua fremu chini ya kiti, naye akaanguka mbele. Upinde ulivunjika vipande viwili. Kifundo cha mkono kilivimba, akakaa nyumbani mwezi mzima.

Mkewe aliitwa Golandam, mama wa binti yao Tuba. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye ulimi, na nilimsikia kupitia ukutani.

"Baba Tuba, mama yako alikuzaa kwa ajili ya ngamia. Si kosa la baiskeli."

"Ngamia anakula kila siku," alisema Bemanali.

"Na wewe je?"

Majira ya baridi yale alitembea, upinde mpya begani. Vijiji vya mbali alivipoteza, vikachukuliwa na mpiga pamba mwingine. Alizunguka maduka yote ya baiskeli mjini, akajaribu fremu kubwa kuliko zote walizokuwa nazo, na zote zilikuwa fupi kwake. Mwenye duka mmoja alimwambia wazi kwamba watu wa namna yake hawatoshi kufanya kiwanda kiwafikirie. Golandam aliniambia siku nyingi baadaye kwamba wakati ule mumewe alianza kulala mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na kwamba yeye alilihofia hilo kuliko magoti.

Baridi ilipokwisha aliitwa Cham, kijiji cha Wazoroasta, watu wa dini ya kale ya Uajemi, nje kidogo ya Taft. Aliyemwita alikuwa Bi Mehrbanu, mkunga, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, hakuolewa. Mpwa wake alikuwa anaolewa. Bemanali aliondoka alfajiri kwa miguu, akafika jua limekwisha kupanda, akaingia uani, na kitu cha kwanza alichokiona ni baiskeli iliyoegemezwa kwenye mkomamanga.

Alisema aliiona kama mtu anavyomwona ndugu yake sokoni. Ilikuwa nyeusi, kuukuu, na bomba lake la juu lilikaribia kiuno chake. Bomba la mbele, linaloshika usukani, lilikuwa refu kuliko shubiri yake, na yeye alikuwa na shubiri kubwa. Akatua mzigo, akachukua uzi wa akiba wa upinde, akaanza kupima.

"Nimekuita upige pamba," ilisema sauti nyuma yake. "Hiyo ni chuma."

Aligeuka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakulazimika kumtazama mwanamke kwa kuinamisha shingo. Bi Mehrbanu alipungua kwake kwa upana wa kiganja tu.

Alimwomba amuuzie. Akamweleza habari ya magoti, ya bomba la maji na ya kuanguka. Bi Mehrbanu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kaka yake ndiye aliyemletea kutoka Bombei, India, ambako ilitengenezwa kwa ajili ya askari warefu, na kwamba watoto mia tatu na kitu wa vijiji vile walizaliwa mikononi mwake kwa sababu alifika kwa wakati.

"Kuuza siuzi," alisema. "Kupanda, panda. Zunguka kijiji mara moja urudi, pamba inakungoja."

Alipanda. Alirudi baada ya muda mrefu kuliko kuzunguka kijiji mara moja, akashuka, akakaa chini na kuanza kufumua godoro. Ilipofika saa ya kula, Bi Mehrbanu alimletea bakuli la shuli, ule mchuzi mzito wa siki na majani tunaoula sote pande hizi, akamkuta bado anaitazama baiskeli. Ndipo akamwambia jambo ambalo hakuna mwenye duka aliyemwambia. Alimwambia kwamba wote humtazama mrefu miguu tu, wakapandisha kiti. Lakini mtu mrefu ni mrefu pia wa mgongo na mikono. Kiti kikipanda, usukani nao lazima upande, na usogee mbele. Yeye alipokuwa msichana aliendesha miaka miwili baiskeli iliyoinuliwa kiti peke yake, na bega lake la kushoto lilikuwa halijapona hadi siku ile.

"Huhitaji baiskeli yangu," alisema. "Unahitaji mtu wa kuiiga."

Mjini tulikuwa na fundi Ezzat, mchomeleaji wa mageti na madirisha, ambaye pia aliunga fremu zilizovunjika. Bemanali alimwendea na vipimo alivyofunga kwa mafundo kwenye uzi. Fundi Ezzat aliutazama uzi, akamtazama mwenye uzi.

"Unataka baiskeli au mnara wa upepo wa juu ya paa?"

Hata hivyo alikubali, malipo yakiwa kupigiwa magodoro yote ya nyumba yake na ya mama mkwe wake. Ila uzi aliutupa. Alisema jicho lake ndilo kipimo, na kwa siku nne alikata, akaunga, akachomelea. Fremu ilitoka ndefu kweli. Bemanali aliijaribu kwenye uchochoro wa wahunzi mbele ya watu wasiopungua ishirini. Usukani ulicheza mikononi mwake kama samaki, na alipokata kona ncha ya kiatu iligonga tairi la mbele. Alianguka polepole, kwa urefu wote, na watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Aliinuka, akajipangusa vumbi, akaikokota baiskeli hadi karakanani, akaenda nyumbani. Siku mbili hakutoka.

Siku ya tatu alimtumia Bi Mehrbanu salamu kwa mwuza maziwa wa Cham, akimweleza yaliyotokea. Hakuomba kitu. Alhamisi iliyofuata mwanamke yule alitokea kwenye uchochoro wa wahunzi akiendesha mwenyewe, kitambaa cha maua kichwani, suruali pana za Kizoroasta zimefungwa kwenye vifundo vya miguu, akiwa ametoka kwao kabla jua halijachomoza. Wahunzi waliacha kugonga. Alishuka, akailaza baiskeli yake sakafuni mwa karakana, akamwambia fundi Ezzat achukue chaki aichore.

Fundi alisema hajawahi kufundishwa kazi na mwanamke.

"Ulizaliwa na nani, basi?" alisema Bi Mehrbanu. "Chora."

Akachora. Na alipomaliza kuchora aliinua baiskeli, akaitazama ile michoro kwa muda, kisha akaleta fremu yake ya kwanza na kuilaza juu ya michoro. Urefu ulikuwa karibu sawa. Lakini bomba la mbele la ile ya Bombei lililala nyuma, na lake lilisimama wima, na uma wa gurudumu wa ile ulipinda mbele kwa vidole vinne. Fundi Ezzat alikuwa na kiburi, lakini hakuwa mjinga. Alisema, kwa sauti ya chini, "Nimekosea hapa." Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka mkasi kunolewa. Sikumsikia kusema neno hilo tena, wala kabla ya hapo.

Mchana ule Golandam alimwalika Bi Mehrbanu nyumbani. Wakati ule wapo waliomwekea Mzoroasta kikombe chake pembeni, kisichanganyike na vyombo vyao, kana kwamba ni najisi. Golandam alimtilia chai katika vikombe vyake vya harusi. Majirani waliona, na wengine wakasema. Yeye alivisuuza vikombe mara moja, kama anavyovisuuza siku zote, akavirudisha rafuni.

Fremu ya pili ilikuwa tayari baada ya siku kumi, kwa kuwa fundi Ezzat hakutaka tena kuharakisha. Bemanali aliijaribu jioni, hakukuwa na watu. Fundi mwenyewe alimwambia aje wakati huo. Alikwenda mpaka mwisho wa uchochoro, akageuka, akarudi, akaenda tena. Nilimwuliza baadaye ilikuwaje.

"Nilisahau kuwa niko juu yake," alisema.

Magodoro kumi na moja aliyapiga kwa ajili ya fundi Ezzat na mama mkwe. Vijiji vya Taft alivirudia kimoja kimoja, viwili havikumrudia. Goti la kulia lilipona. La kushoto lilikuwa limekwisha kuharibika kiasi, na katika baridi alilifunga kitambaa cha sufu. Fundi Ezzat alianza kupata wateja warefu kutoka hadi Ardakan, na kwa kila mmoja alichukua chaki na kumlaza mteja mwenyewe sakafuni, akachora mtu kabla ya kuchora chuma. Alidai hiyo ni mbinu ya baba yake.

Bi Mehrbanu aliendesha miaka saba mingine, akavunjika nyonga, akaenda kuishi na kaka yake Bombei. Alifia huko. Bemanali alipata habari miezi mitatu baada ya maziko. Aliifuta baiskeli yake siku nzima kwa kitambaa cha mafuta, hakwenda kazini.

Kisha magodoro ya sponji yakaingia, watu wakaacha kuita wapiga pamba. Aliuza upinde kwa mtu aliyetaka kuutundika ukutani, akapata kazi ya kulinda ghala la pistachio nje ya mji, mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Aliendesha huko kila siku mpaka alipostaafu, mgongo umenyooka, asitazame kulia wala kushoto, na wauza duka wapya wa barabara ya msikiti hawakujua kwamba hapo palikuwa na kitu cha kuchekwa.