Hedifoni Nilizomtengenezea Baba

Watu wakiniuliza kwa nini niliacha kutengeneza hedifoni, huwa nawaambia macho yamechoka. Ni uongo, lakini ni uongo mfupi, na siku hizi sina nguvu ya kutoa maelezo marefu kwa kila mpita njia. Macho yangu ni mazima. Bado naweza kushika waya mwembamba kama unywele na kuugandisha kwa tone la risasi bila mkono kutetemeka. Niliacha kwa sababu ya baba yangu.

Naishi Kamunyonge, Musoma. Kazi yangu ni kuchapa barua za watu na kutoa fotokopi, na mashine ninayofanyia kazi inapiga kelele kuanzia asubuhi mpaka nafunga. Ndiyo maana nilinunua hedifoni ya kwanza, niweze kusikiliza nyimbo za kwaya nikichapa. Ikafa upande mmoja kabla wiki haijaisha. Niliifungua kwa hasira tu, si kwa elimu, nikakuta ndani kispika chembamba kisichozidi kifuniko cha chupa, nyaya mbili na risasi kidogo. Nikajiambia, kumbe ni hiki tu?

Tangu hapo nikawa mwokotaji. Mafundi simu wa mjini waliniwekea zilizokufa kwenye mfuko wa rambo. Nilichukua upinde wa hii, vikombe vya ile, spika kutoka kwa nyingine mbili ambazo hazikuwahi kukaa rafu moja. Spika za mama tofauti hazikubaliani mara moja. Moja inatoa besi nzito, mwenzake analia kama bati la mvua. Dawa yake ni pamba: unasokota kidogo, unaiweka nyuma ya spika, unasikiliza, unapunguza, unasikiliza tena. Nilikuwa najipimia kwa wimbo tuliourekodi na kwaya yetu. Nikisikia sauti yangu mwenyewe imekaa mahali pake kati ya wenzangu, nilijua kazi imekwisha. Jumamosi nzima ilikuwa inaisha hivyo, chai imepoa pembeni. Sijaolewa, na majirani wenye midomo walisema nimeolewa na waya. Mimi nilicheka nao. Nilikuwa na furaha, niseme nini zaidi.

Baba alikuwa kiziwi nusu. Alifanya kazi zaidi ya miaka ishirini kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kule Bunda, mashine zikinguruma kutwa, na alipostaafu akarudi peke yake, maana mama yetu alishafariki, kwenye shamba la wazazi wake Butiama na sikio moja tu la kufaa. La kushoto lilibaki kiwandani. La kulia lilikuwa linasikia ukisogea na kupaza sauti, ila mara kwa mara lilitoa maji, likakauka, likatoa tena.

Sasa lazima nieleze jambo moja, bila hilo mtu hawezi kutuelewa. Mimi ndiye niliyepewa jina la mama yake. Tangu nipo mgongoni baba hakuniita mwanangu, aliniita mama, na kwetu hilo si la kubembelezea mtoto. Nikiingia, baba alikuwa ananiachia kiti. Kuku akichinjwa, nilipewa finyango kabla ya kaka yangu, ambaye amenizidi miaka sita. Nikiwa na miaka minane nilisema ng'ombe mwekundu asiuzwe, na hakuuzwa, akafa kwa ugonjwa mwaka huohuo, na hakuna aliyenilaumu. Mtu akilelewa hivyo anaharibika, na mimi niliharibika bila hata kujua.

Pasaka ile tulikutana Butiama, mimi na kaka. Kaka anauza vipuri vya pikipiki Bunda, ni mtu wa maneno machache. Tulikuwa tumekaa mlangoni, baba katikati, akitutazama midomo.

"Mzee anazidi kupotea," kaka alisema. "Tumpeleke Mwanza. Kuna madaktari wa masikio kule."

"Masikio ya uzee hayanaga dawa," nikamjibu. "Mimi namtengenezea kitu, mtaona wenyewe."

"Hilo la kulia linatoaga maji, mdogo wangu."

"Na linakaukaga lenyewe. Unataka akateswe kwenye foleni Mwanza huko, wamchokonoe na vyuma, halafu arudi vilevile?"

Baba akamgusa kaka goti. "Mama amesemaje?"

Kaka akainama kwenye sikio lake. "Amesema tusiende!"

"Basi," baba akasema. "Mama ameshasema."

Kaka akanitazama kidogo, kisha akainuka akaenda kuangalia pikipiki yake. Ukweli ni kwamba huruma ya foleni haikuwa sababu. Sababu ni kwamba wiki mbili kabla yake, kwenye mitumba ya Bunda, nilikuwa nimeokota vile vizuia kelele vya viwandani, upinde wa chuma na vikombe viwili vikubwa vinavyofunika sikio lote. Nilipoviona tu, nilishaziona hedifoni za baba kichwani mwangu. Daktari angeniharibia kazi yangu.

Nilizitengeneza kwa mwezi mzima. Spika ya kulia niliitoa kwenye hedifoni kubwa ya studio iliyovunjika upinde, nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Ya kushoto niliweka yoyote, maana sikio lile lilikuwa limekufa, lakini niliiweka ili asijione mtu wa upande mmoja. Nyuma ya spika nikaweka pamba ya Bunda. Mito ya masikioni niliishona kwa sponji la kiti na ngozi laini ya mbuzi, nikaibana vizuri mpaka ikawa haipitishi hata upepo. Nilijisifia sana ule mbano. Nilinunua na redio ndogo ya kukaa mfuko wa shati, nikapanda gari kwenda Butiama.

Baba alizipokea kwa mikono miwili. Akazigeuza, akavipapasa vile vikombe, akacheka.

"Hizi nazijua. Kule kiwandani walikuwaga wanapewa wageni wakija kutembelea. Sisi hatukupewagi."

"Sasa ni zako, baba!" nilipiga kelele.

Akavaa. Nikafungua redio, kulikuwa na kwaya inaimba. Kichwa kikaanza kwenda, taratibu, juu na chini, akifuata wimbo. Machozi yalimlenga. Siku ile alisikia kweli, hilo nina hakika nalo, na kwa miezi yote iliyofuata niliishi kwa siku ile moja.

Kila nilipokwenda, kila Jumamosi ya pili, nilimkuta amezivaa. Akipukuchua mahindi, amezivaa. Akichunga mbuzi wake watatu, amezivaa, waya umeteremka mpaka mfuko wa shati, kichwa kinaitikia. Nilimpiga video nikaituma kwenye kundi la familia na kuandika, "Mnamwona mzee wenu?" Mashangazi wakamimina alama za maua na mikono ya kusali. Kaka hakuandika kitu. Nilihisi ana wivu, na sikukaa na hisia hiyo moyoni, nilimwambia shangazi mmoja kwa simu. Kule Kamunyonge wakaanza kuniita fundi masikio. Mama mmoja wa kanisani akataka nimtengenezee mume wake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa sana. Nilikuwa nasimulia habari ya baba yangu kwa kila aliyeleta cheti chake nikitolee kopi.

Nilichokiona na kukipuuza ni hiki: nilikuwa nikimwuliza jambo, hata kwa kelele, anaitikia kwa kichwa na kutabasamu. Nikimwuliza amekula nini, anaitikia kwa kichwa. Nilidhani wimbo umemnogea.

Ilikuwa Jumamosi mwezi wa kumi na moja. Baba alikuwa kwenye kigoda, ungo wa mahindi mapajani, hedifoni kichwani. Nilitokea nyuma yake, nikapita mbele, nikamwinamia kuchukua ule ungo nimsaidie. Waya ukanasa kwenye ukingo wa ungo. Nilipovuta, ncha yake ikachomoka mfukoni, ikaning'inia mbele ya magoti yake.

Mfuko wa shati ulikuwa mtupu. Hakukuwa na redio. Na baba, kwa kuwa hakujua kilichotokea, alikuwa ameniona na ameshaanza kuitikia kwa kichwa, juu na chini, akifuata wimbo.

Nilisimama pale na ungo mkononi. Sijawahi kuchukia kitu maishani kama nilivyokichukia kile kichwa chake kikienda. Niliinua ncha ya waya nikamwonyesha. Kichwa kikasimama.

"Redio ilizama kwenye ndoo," akasema, kwa ile sauti kubwa ya watu wasioisikia sauti yao wenyewe. "Siku nyingi. Kabla hata ya mavuno."

Nikamwonyesha hedifoni kwa kidole. Sasa kwa nini bado unazivaa?

"Ulikuwaga unafurahi sana, mama."

Nikaanza kulia, na yeye akaendelea, akidhani ananituliza. "Na sikusikiagi ukija. Gari silisikii, hodi siisikii. Ningejuaje umefika? Ndiyo maana nilikuwaga nazivaa tu muda wote, usije ukanikuta nimeziweka chini."

Nilimvua mimi mwenyewe. Harufu ndiyo iliyotangulia. Ule mto wa kulia, ngozi niliyoishona kwa mkono wangu, ulikuwa umelowa na kugeuka mweusi, na ndani ya sikio usaha ulikuwa umejaa mpaka nje. Miezi mitano, sita, jua la Butiama likimchoma juu, na mbano wangu wa kifundi umeziba sikio lake pekee lililokuwa zima. Alivumilia maumivu yale akinitabasamia.

Nilimpigia kaka. Kesho yake alitupokea Bunda, tukapanda basi la Mwanza watatu. Daktari alikuwa dada mdogo kuliko mimi. Alilisafisha lile sikio muda mrefu, akachungulia, akachungulia tena, kisha akaandika bila kutuangalia. Ngoma ya sikio ilikuwa imeliwa, na uchafu ulikuwa umeingia mbali zaidi ya ngoma.

"Sikio linalotoa maji linatakiwa lipate hewa," akasema. "Mlikuwa mnaliziba na nini?"

Nilifungua mdomo. Kaka akawahi.

"Kofia tu, daktari. Mzee anapendaga kofia."

Daktari akaandika na hilo. Nami nikafunga mdomo wangu. Kaka hakunitazama, wala njia nzima ya kurudi hakusema lolote, na mpaka leo hajasema. Kuna siku natamani anitukane mbele za watu. Lakini kaka naye amelelewa nyumba ileile, anajua mama hasahihishwi. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa, na watu huwa wanamsemea mgonjwa mbishi. Kwetu lililokuwa halisikii lilikuwa langu.

Dawa zilikausha usaha. Kusikia hakukurudi. Baba sasa hasikii chochote, hata umgongee sufuria nyuma yake. Kanisani anakaa benchi la mbele, anasimama wenzake wakisimama. Zile hedifoni nilizitumbukiza chooni, na ule mfuko wa spika nikawarudishia mafundi simu, nikawaambia macho yamechoka.

Tunazungumza kwa daftari la shule. Mimi naandika kwa herufi kubwa, yeye anasoma akichezesha midomo, ananijibu kwa sauti. Tunaandikiana habari za mbuzi, za mvua, nani kafa. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuandika nilichotaka kuandika. Niliandika kwamba Pasaka ile kaka alisema kweli, na kwamba nilikataa kwa sababu ya hedifoni zangu na si kwa kumhurumia baba. Niliandika, sikio lako nimeliua mimi. Chini yake nikaandika: Baba, umenisamehe? Usinijibu kunifurahisha.

Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, akarudia mstari wa mwisho. Nikasubiri aseme neno. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilitaka baba yangu anikasirikie.

Akalifunga daftari, akaliweka kwenye mapaja, akanitazama usoni na kutabasamu. Halafu akaanza kuitikia kwa kichwa, taratibu, juu na chini, vilevile kama alivyokuwa akifanya na hedifoni zangu kichwani, hasikii kitu.